Sauti ya sinema nyumbani: namna ya kuchagua hapa Bunia bila kutupa franka

Jioni, maduka ya Boulevard de Libération yakisha kufungwa, watu wanarudi Mudzi-Pela, Nyakasanza, Lumumba, Bankoko. Tangu Mei 2021, wakati mkoa wa Ituri uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, wengi wamezoea kuingia nyumbani mapema. Filamu, mechi ya mpira, muziki wa Siku ya Mungu: vyote vinapitia sebuleni. Ndiyo maana swali hili linaulizwa sana: niko na pesa kidogo, ninunue nini ili tele yangu isikike vizuri?

Shida yenyewe ni ya kweli. Tele za siku hizi ni nyembamba kama daftari, na ndani yake hamna nafasi ya bafle ya maana. Mara nyingi bafle hizo zinaangalia chini ao nyuma, kwenye ukuta. Matokeo: mlipuko unasikia, lakini maneno ya mwigizaji yanapotea.

Mimi mwenyewe nilidanganyika mara ya kwanza. Nilinunua karto kubwa ya bafle tano na sabufa, juu yake imeandikwa wati elfu kumi. Nyuma ya wiki tatu, umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na ile kisanduku ya kati ikakufa. Bafle zote zilibaki nzima, lakini jeki zake hazikuingia kwenye ampli ingine yoyote. Pesa ya miezi mingi ikawa mapambo ya kabati. Basi tuangalie pamoja mambo ya kujua mbele ya kutoa pesa.

Hesabu 2.0, 2.1 na 5.1

Namba ya kwanza inahesabu bafle za kawaida, namba ya pili inahesabu sabufa, ile bafle kubwa ya besi. Kwa hiyo 2.0 ni bafle mbili: kushoto na kuume. 2.1 ni hizo mbili pamoja na sabufa. 5.1 ni bafle tatu mbele (ile ya katikati ni ya maneno), mbili pembeni ao nyuma ya watazamaji, na sabufa moja. Mpango huu wa 5.1 ulienea katika majumba ya sinema kwa njia ya Dolby Digital kuanzia mwaka 1992, kisha DVD ikaueneza majumbani.

Kuna pia baa ya sauti, ile bafle ndefu yenye kulala chini ya tele. Ndani yake mna bafle ndogo mbili ao zaidi, na mara nyingi inauzwa pamoja na sabufa yake.

Filamu zetu ziko na sauti ngapi?

Hapa ndipo wengi wanapoteza pesa. Bafle tano zina maana tu kama filamu yenyewe iko na sauti tano tofauti ndani yake, na kama tele ao mashini ya DVD inaweza kuzitoa. Sasa tujiulize tunaangalia nini. Filamu zinazotafsiriwa kwa sauti ya msimulizi, kama zile za DJ Afro wa Kenya ao Lufufu wa Tanzania, kwa kawaida ziko na sauti mbili tu, kushoto na kuume, juu msimulizi amechanganywa pamoja na filamu. Video za YouTube kwa sehemu kubwa ni vilevile, hata nyingi kati ya zile za flashi zenye kupita mkono kwa mkono.

Ukiweka sauti mbili katika bafle tano, mashini inarudilia tu sauti ileile, ao inabuni ya nyuma. Unakuwa umelipa bafle tatu ambazo hazina kazi. Kama nyumbani munaangalia zaidi filamu za kutafsiriwa, mpira na nyimbo, 2.1 nzuri itakufaa kuliko 5.1 ya bei ileile. Hesabu ni nyepesi: pesa ileile ikigawanywa kwa vitu sita, kila kimoja kinakuwa cha chini.

Wati elfu kumi ziko wapi?

Dukani utaambiwa: "Papa, hii ni ya nguvu, wati elfu kumi!" Angalia kama pembeni pameandikwa PMPO. Hiyo ni namba ya matangazo. Haina kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanafuata. Wati ya kutafuta ni yenye kuandikwa RMS, maana yake nguvu ambayo mashini inaweza kutoa kwa kuendelea.

Kama RMS haionekani, geuza mashini, soma karatasi ndogo ya nyuma kunakoandikwa umeme inaotumia. Mashini yenye kula wati 60 haiwezi kukutolea wati elfu kumi za sauti. Hakuna mashini yenye kutoa kuliko inavyokula.

Tena, wati nyingi haziongezi sauti sana kama tunavyofikiri. Ukizidisha wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu zaidi, masikio yanasikia tofauti ndogo. Ili sauti ionekane kuwa mara mbili, unahitaji karibu wati mara kumi. Kwa sebule ya metre nne kwa nne, wati 20 mpaka 40 za kweli kwa kila bafle zinatosha, na jirani atakuwa tayari anasikia filamu yako.

Umeme ndio wenye kuamua

Wengine kati yetu wako na umeme wa Budana, kituo cha mto Shari ambacho kilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya dhahabu ya Kilo-Moto. Wengine wanatumia jenereta, na wengi wameingia kwenye sola. Kila njia iko na shida yake.

Umeme wa mtaani unaweza kushuka, ukatike, kisha urudi kwa kishindo. Hiyo ndiyo inaua mashini. Weka kando pesa ya stabilizateri, ile kisanduku ya kulinganisha umeme, hata kama itakulazimisha kuchukua bafle za bei ya chini kidogo. Na umeme ukikatika, ondoa fishi kwenye ukuta. Ukirudi, ngoja dakika chache mbele ya kuchomeka tena.

Kwa jenereta, iwashe kwanza, iache itulie, kisha uchomeke mashini. Petroli ikikaribia kuisha, zima mashini mbele, usingoje jenereta ianze kukohoa.

Kwa sola, fanya hesabu. Betri ya 12V yenye 100Ah inabeba wati-saa 1200. Kama ni betri ya risasi, usitumie zaidi ya nusu, la sivyo itazeeka upesi: zinabaki 600. Inverta nayo inakula kidogo, tuseme unabaki na 500. Tele ya inchi 32 ikikula wati 45, dekoda 15, na baa ya sauti 30, jumla ni 90: utaangalia masaa tano na nusu hivi. Lakini tele hiyohiyo na dekoda yake, pamoja na mashini ya bafle tano yenye kula wati 140, ni wati 200: masaa mawili na nusu, na giza.

Kuna sabufa zenye kuandikwa AC/DC ao DC 12V. Hizo zinaingia moja kwa moja kwenye betri bila inverta. Kwa nyumba ya sola, ni jambo kubwa sana.

Tele na bafle zinaunganika?

Mbele ya kwenda dukani, piga picha ya nyuma ya tele yako kwa simu, uende nayo. Tafuta haya:

- HDMI yenye kuandikwa ARC: waya moja inatosha, na telekomande ya tele inaweza kupandisha sauti.
- Tundu la mwanga, linaandikwa OPTICAL: sauti ni safi. Hakikisha bafle nazo ziko na tundu hilo.
- Jeki nyekundu na nyeupe, ao tundu la kofia za masikio: njia ya zamani, lakini inafanya kazi vizuri kwa 2.0 na 2.1.
- Bluetooth: hakuna waya, lakini sauti inaweza kuchelewa, mdomo unafunguka kisha neno linafuata.

Jambo lingine: filamu ya flashi ikionyesha picha bila sauti, usikimbilie kusema bafle zimekufa. Mara nyingi sauti yake imewekwa kwa namna ya DTS, ambayo tele nyingi hazisomi. Jaribu filamu ingine kwanza.

Dukani: usilipe mbele ya kusikia

Vitu vingi vinatufikia kutoka Kampala, kwa njia ya Mahagi ao kwa kuvuka ziwa Albert. Karto imetikiswa barabarani, imeshushwa, imepandishwa. Omba ifunguliwe na iwashwe mbele yako.

Beba flashi yako yenye filamu unayoijua na wimbo unaoujua. Kwanza weka sauti chini kabisa: kama kuna mlio wa mmm usioisha, acha. Kisha pandisha polepole mpaka karibu na juu: bafle isitetemeke wala kukwaruza. Mwisho, tafuta redio kwenye FM, sikiliza msomaji wa habari. Kama "s" na "sh" zinatoka wazi na humuchoki kumusikiliza, hata filamu utaielewa. Besi inapendeza dukani, lakini nyumbani ni maneno unayoyahitaji kila siku.

Angalia voltaji: iandikwe 220-240V. Mashini ya 110V peke yake itaungua ukiichomeka hapa. Angalia pia fishi. Vitu vya Uganda viko na fishi ya meno matatu ya bapa, na sisi tunatumia ya meno mawili ya mviringo. Nunua adapta yenye kukaza vizuri, ao fundi abadilishe fishi. Yenye kulegea inapata moto na inaweza kuchoma hata nyumba.

Ukichukua okazioni, ampli ya zamani na bafle zake mbili zinaweza kuwa bora kuliko karto mpya, juu kila kipande kinatengenezeka ao kubadilishwa peke yake. Angalia mpira wenye kuzunguka bafle, usiwe umepasuka. Na kila mara omba faktire na garanti kwa maandishi.

Nyumbani: kupanga ni bure

Weka bafle mbili kwenye urefu wa masikio ya mtu aliyekaa, ziachane kama vile unavyoachana nazo. Sabufa ukiisukuma kwenye kona, besi inaongezeka. Kama inakuwa nyingi na triplex ya plafo inatetemeka, ivute nje. Ukuta wa simenti mtupu unarudisha sauti: pazia nzito, mkeka na viti vya kitambaa vinasaidia bila kulipa fundi.

Usiku, shusha besi. Ndiyo sauti yenye kupenya ukuta kuliko zote, na kwa jirani kunaweza kuwa mgonjwa ao familia iliyokimbia vita iliyolala wote mu chumba kimoja. Na kwa mji wetu, ni vizuri wewe mwenyewe ubaki unasikia kama kuna mtu anagonga mlango ao kitu kinatokea inje.

Kwa kumaliza, gawanya pesa yako hivi. Tuseme uko na dola 100: weka 70 kwa 2.1 ao baa ya sauti, 20 kwa kulinda umeme, 10 kwa waya na adapta. Ukiona bafle tano kwa bei hiyohiyo, uliza kwanza: filamu zangu ziko na sauti ngapi, na betri yangu itafika saa ngapi?