Swichi Zinazoendeshwa kwa Mwanga na Nafasi Yake katika Umeme Mkubwa

Swichi ya semikondakta inayoendeshwa kwa mwanga ni kifaa kinachoruhusu umeme kupita pindi kinapomulikwa, bila kipande chochote kusogea.

Katika vituo vya kubadili mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, swichi zinazoitwa thairista hupangwa nyingi kwa mfululizo ili zihimili msongo mkubwa. Amri ya kuziwasha hufikishwa kwa nyuzi za kioo, kama zile za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Katika thairista za kawaida, saketi iliyo kando ya kila moja hugeuza mwanga huo kuwa amri ya umeme. Katika zile zinazoendeshwa kwa mwanga, mwanga wenyewe huziwasha, hivyo vipuri vinavyoweza kuharibika hupungua.

Thairista hizo zilitumika katika huduma ya kibiashara kwenye njia ya Moyle inayounganisha Scotland na Ireland ya Kaskazini. Hata hivyo, thairista ikishawaka haizimiki hadi mkondo ukome. Kizazi kipya, kinachotumia silikoni kabaidi, hupitisha umeme kikimulikwa na huacha mwanga unapoondolewa. Kampuni ya Opcondys ya Marekani inaendeleza teknolojia hiyo, iliyobuniwa katika Maabara ya Taifa ya Lawrence Livermore. Vikwazo vya kuifikisha sokoni ni gharama ya leza, upoozaji na uimara wa kifaa kinapotumika mara nyingi.

Wilayani Bagamoyo, kituo cha kupoza umeme cha Chalinze hupokea umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, kwa njia ya msongo wa kilovolti 400. Umeme huo husafiri kwa mkondo geu, hivyo hauhitaji thairista hizo. Mkondo mnyoofu hutumika katika njia ya Ethiopia hadi Kenya, yenye kilovolti 500, urefu wa kilomita 1,045 na uwezo wa megawati 2,000. Gridi ya Kenya nayo imeunganishwa na ya Tanzania.

Kwa muunganiko huo, uimara wa swichi zilizo mbali na Pwani unaihusu pia Gridi ya Taifa. Kwa sababu hiyo, bei, upatikanaji wa vipuri na mafunzo ya mafundi ni mambo ya kupimwa kabla ya teknolojia yoyote mpya kununuliwa.