Pombe ya Ndizi na Mkutano wa Krismasi Uchagani

Kila mwaka Desemba ifikapo, barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari, na nyumba za migombani ambazo kwa miezi mingi zilikaliwa na wazee peke yao hupata tena sauti za watoto. Wachagga wanarudi nyumbani kula Krismasi. Jambo hili limekuwa mashuhuri hata likaingia katika mizaha ya nchi nzima, na wengi hulitaja kwa jina la mila, kana kwamba limekuwapo tangu wazee wa kwanza walipopanda mlima. Lakini kila mila ina umri wake, na mkutano huu, kwa sura iliyo nao leo, ni mtoto wa karne ya ishirini. Kilicho kikongwe ndani yake ni pombe inywewayo hapo, pamoja na sheria iliyofungamana na pombe hiyo. Historia ya mkutano huu, basi, ni historia ya jinsi jambo la kale lilivyopata siku mpya ya kukaa.

Pombe yenyewe ni mbege. Hupikwa kwa ndizi mbivu na ulezi, vitu viwili ambavyo mlima Kilimanjaro ulikuwa navyo zamani kabla ya kahawa. Ndizi zikiisha kuiva sana humenywa, zikachemshwa muda mrefu mpaka rangi yake ikageuka kuwa nyekundu, kisha zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi nao hulowekwa hata ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa, na kimea hicho kikapikwa uji. Maji ya ndizi huchujwa, yakachanganywa na uji uliokwisha kupoa. Na ili kupata uchungu wake, hutiwa magome ya mti uitwao msesewe. Baada ya usiku mmoja pombe huwa tayari, na baada ya siku chache hugeuka kuwa kali mno, ikaharibika.

Sifa hii ya mwisho ndiyo yenye maana kubwa kwa mwanahistoria. Mvinyo huwekwa chupani ukangoja, mbege haingoji. Mwenye kuipika hana budi kujua, juma moja mbele, ni siku gani itanywewa na ni nani watakaoinywa. Pipa moja ni kubwa kuliko haja ya nyumba moja, wala hakuna faida ya kulificha, kwa kuwa kifichwacho leo kitakuwa siki kesho kutwa. Kwa hiyo kuanza kuchemsha ndizi kulikuwa sawa na kutoa mwaliko, na asiyealikwa alijua tangu moshi wa kwanza kwamba hakuhesabiwa. Pombe ya namna hii haikuweza kuwa kitu cha mtu mmoja. Maumbile yake yenyewe yaliwalazimisha watu kukutana, na kukutana kwa siku maalumu.

Wachagga wa kale waliitumia lazima hiyo kwa busara. Wachunguzi walioandika habari zao, tangu Charles Dundas katika kitabu chake cha 1924 na Bruno Gutmann katika kitabu chake juu ya sheria za Wachagga cha 1926, waliona pombe mahali pote palipokuwa na haki ya kushuhudiwa. Posa ilikwenda na pombe. Faini ililipwa kwa mnyama na pombe. Wenye ugomvi waliokwenda mbele ya wazee hawakwenda mikono mitupu, na waliopatanishwa walikunywa pamoja mbele ya macho ya watu. Wafu nao walimwagiwa sehemu yao, maana walihesabiwa kuwa wangali wakazi wa shamba. Tena, mtu aliyeazimwa ardhi alimpelekea mwenye ardhi pombe kila mwaka. Pombe hiyo haikuwa kodi, kwa maana thamani yake ilikuwa ndogo mbele ya mazao ya shamba. Ilikuwa ushahidi. Kila aliyekunywa aliweza kusema baadaye, hata baada ya miaka 30, kwamba alimwona fulani akikiri kuwa ardhi ile si yake. Katika nchi isiyokuwa na hati, kibuyu kilifanya kazi ya karatasi.

Nyama nayo ilikuwa na maandiko yake. Mbuzi au ng'ombe aliyechinjwa migombani hakukatwa ovyo. Viungo vyake viligawanywa kwa cheo cha kuzaliwa na kwa ujamaa, kila mtu na fungu lake, hata mtoto mwangalifu aliweza kuujua mpangilio wa ukoo wake kwa kutazama nani amepewa nini. Kumnyima mtu fungu lake ilikuwa kumtoa katika ukoo bila ya kutamka neno. Petro Itosi Marealle, aliyeandika kwa Kiswahili juu ya maisha ya Mchagga katika kitabu kilichotoka 1947, aliyaweka mambo ya namna hii katika kalamu wakati vijana wengi walipokwisha kuyajua kwa jina tu.

Karamu hizo za kale, walakini, hazikuwa na tarehe. Zilifuata mambo yenyewe: mavuno, tohara, ndoa, msiba, au ugonjwa uliodai tambiko. Tarehe ililetwa na kanisa. Mapadri wa Kikatoliki walifungua misheni ya Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa chama cha Leipzig waliingia Machame mwaka 1893. Misheni zilileta shule, na shule zilileta kalenda yenye muhula na likizo. Walimu wengi wa dini mpya hawakuipenda pombe, nao walikuwa na sababu, kwa kuwa waliuona ulevi na tena waliona kuwa kibuyu kilikuwa na fungu la mizimu. Hata hivyo sikukuu waliyoileta ilihitaji chakula na kinywaji, na Mkristo mpya alikuwa na kinywaji kimoja tu alichokiona kinafaa heshima ya wageni. Hivyo mbege iliingia katika Krismasi kwa mlango wa uani, na mara ilipokwisha kuingia haikutoka.

Lakini siku ya kukutana haiwi na uzito mpaka pawepo watu waliokwenda mbali. Hao waliletwa na kahawa na upungufu wa ardhi. Kahawa ilianza katika mashamba ya misheni. Baadaye wenyeji wakaipanda katika vihamba vyao chini ya migomba, wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, na mahali pake pakaja Chama Kikuu cha Ushirika, K.N.C.U., mwaka 1933. Fedha ya kahawa ilijenga shule na kulipa karo. Wakati huohuo iliifanya ardhi kuwa ya thamani kuliko zamani, na watu wakazidi kuongezeka. Sally Falk Moore, ambaye kitabu chake cha 1986 chafuata sheria na desturi za mlimani kwa muda wa miaka 100, alieleza jinsi kanuni ya urithi ilivyobana: mwana wa kwanza alitafutiwa shamba na baba yake alipooa, mwana wa mwisho alibaki na wazazi akarithi kihamba chao, na wa katikati walitazamiwa kujitafutia. Zamani wa katikati alipewa pori akalifyeka. Pori lilipokwisha, alipewa kitabu cha shule na nauli.

Basi, wengi wa wanaorudi Desemba ni watoto wa wale wa katikati. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi kabla ya Vita Kuu ya 1914, na mwaka 1963 kipande cha kutoka Mnyusi hadi Ruvu kiliiunganisha na reli ya kati, hata abiria akaweza kutoka Dar es Salaam mpaka mlimani bila kuiacha reli. Karani, mwalimu, muuguzi na mfanya biashara wote walipata likizo karibu na mwisho wa mwaka. Shule zilifungwa. Fedha za kahawa zilikuwa zimeanza kuingia mikononi. Hakuna baraza lililoamuru kwamba ukoo ukutane siku hiyo. Mambo haya manne yaliangukia mwezi mmoja, na watu wakautumia. Reli ilipoacha kuchukua abiria katika miaka ya 1990, mabasi yaliichukua kazi yake. Na safari za treni za abiria zilipofufuliwa baada ya zaidi ya miaka 20, zilifufuliwa Desemba 2019, mwezi ambao hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini umechaguliwa.

Yafaa kulinganisha na sikukuu nyingine. Katika miaka ya 1950, Thomas Marealle alipokuwa Mangi Mkuu, Wachagga walikuwa na Siku ya Wachagga, iliyoadhimishwa kila Novemba kwa bendera, hotuba na michezo. Ilikuwa na serikali yake ya wenyeji na fedha zake. Lakini cheo cha Mangi Mkuu kiliondoka, uchifu ukafutwa katika Tanganyika yote mwaka 1963, na siku hiyo ikafa pamoja na waliyoiunda. Krismasi haikuwa na bendera wala kamati. Ilidumu kwa sababu ilikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine aliyeifanya.

Kazi hiyo ni baraza la ukoo. Mgeni apitaye migombani tarehe 26 Desemba huona mtori ukipakuliwa, mchare umepikwa na nyama, mbuzi juu ya moto na pipa la mbege chini ya mti. Hudhani ameona furaha, naye hakukosea. Lakini kando ya furaha hiyo, wazee na watu wazima wameketi katika duara, na kata yapita kwa utaratibu wa umri. Hapo ndipo husemwa nani atakaa na mama mwaka ujao, nani alisogeza sale la mpaka, kaburi la nani halijajengewa, karo ya yatima nani ataitoa. Sale, jani lile la kijani ambalo Mchagga hulipanda kuonyesha mpaka, ndilo pia hulichukua mkononi akienda kuomba msamaha, na katika siku hizo mbili tatu hutumika kwa kazi zote mbili. Aliyekosa kuja mwaka mmoja husamehewa. Aliyekosa miaka mitano atakuta mambo yake yamesemwa na watu wengine.

Hapa ndipo penye jambo zito. Utaratibu wa kale ulilinda haki kwa kumbukumbu ya waliokunywa, na kumbukumbu hiyo ilikuwa ya wanaume zaidi. Binti alipika, akachuja, akagawa, kisha ukoo ukasema kwamba ardhi haimhusu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilitamka kuwa desturi imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Neno hilo la bunge, ili lifike kihambani, halina budi kupita katika duara lile la Desemba, kwa maana huko ndiko kihamba hugawiwa kabla ya karatasi yoyote kuandikwa. Yako maduara ambamo binti siku hizi huketi na kusema. Yako mengine ambamo bado huitwa mwisho, maneno yakiwa yamekwisha. Desturi iliyoweza kuhamia siku ya Kikristo, na kugeuza likizo ya makarani kuwa mahakama, haiwezi kudai kuwa haijui kubadilika.

Kibuyu chenyewe kimebadilika pia. Mashamba ya ulezi yaliyonyweshwa kwa mifereji ya kale yamepungua mlimani, na nyumba nyingi hununua ulezi sokoni. Kreti za bia za kiwandani husimama kando ya pipa, na vijana wengine huziendea kwanza. Si dhambi, lakini chupa ina mwenyewe, yaweza kuwekwa hata mwakani, na huwapo hata pasipokuwapo mtu mwingine. Mambo matatu hayo ndiyo ambayo mbege haikuyaweza, na kwa kutoyaweza iliwakusanya watu. Ndiyo sababu hata penye kreti nyingi, mzee mwenye neno la mpaka hulitoa wakati kata inapozunguka.

Wachagga hawakuhifadhi karamu ya kale. Karamu ya kale ilikuwa na sababu nyingine na siku nyingine. Walichohifadhi ni kanuni kwamba neno juu ya ardhi lisemwe mbele ya watu waliokula na kunywa pamoja, ili wote wawe mashahidi. Kwa kanuni hiyo waliipokea tarehe ya wageni, reli ya wageni na fedha ya zao la kigeni, wakavifanya vyote vitumikie kihamba. Sasa vihamba ni vidogo, warithi ni wengi, na nusu ya warithi hao ni mabinti. Ushahidi wa pipa utaendelea kuwa na thamani kwa kadiri kila mwenye haki atakavyopewa kata mkononi, na zamu yake ya kusema kabla pombe haijachacha.