MIKWARUZO KWENYE RANGI YA GARI: IPI UIFUTE MWENYEWE NYUMBANI, IPI UMPELEKEE FUNDI



Mjini gari haimalizi mwezi bila mchubuko. Bodaboda kapita katikati ya foleni kakugusa na usukani, mkokoteni umekusugua mlango, watoto wameandika majina yao kwenye vumbi la boneti, au muosha gari kaokota kitambaa kilichodondoka mchangani akaendelea kusugua. Ukifika gereji unaambiwa, "Hapa bosi tunapiga mlango mzima." Kuna mchubuko ambao kweli unahitaji hivyo. Lakini mingi ni ya kufuta mwenyewe nyumbani, na ukikubali kupigiwa rangi bila sababu unapoteza kitu ambacho hakina spea: rangi ya kiwandani. Ile huokwa kwenye tanuri wakati bodi iko tupu, haina taa wala viti. Fundi wa mtaani hawezi kuirudia chini ya mwembe. Na mnunuzi mjanja akiona mlango mmoja una rangi tofauti, swali la kwanza ni "hii ilipata ajali?" Hapo bei inashuka.

KWANZA IJUE RANGI YENYEWE

Juu ya bati kuna dawa ya kuzuia kutu, halafu praima, halafu rangi yenyewe, halafu KLIA, ile ya juu kabisa isiyo na rangi inayong'aa. Zote kwa pamoja kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150 hivi. Chukua karatasi moja ya A4, huo ndio unene wenyewe! Klia peke yake haifiki hata nusu ya karatasi hiyo.

Hapa ndipo penye siri yote. Kuondoa mkwaruzo maana yake SIO kuujaza. Unachofanya ni kupunguza klia iliyo pembeni yake mpaka iwe sawa na kina cha mkwaruzo. Kila ukisugua unapunguza, na klia haioti tena.

VIPIMO VITATU VYA BURE

1. MAJI. Osha sehemu hiyo, kisha imwagie maji. Mkwaruzo ukipotea ikiwa imelowa na ukirudi ikikauka, uko kwenye klia tu. Huo ni wako, unatoka.

2. UKUCHA. Pitisha ukucha kukata mkwaruzo. Usiponasa, polishi inatosha. Ukinasa, umekwenda chini. Utaufifisha, ila usitegemee uishe wote.

3. MACHO. Ukiona kijivu au rangi nyingine ndani, umefika kwenye praima. Ukiona bati au kutu, acha habari za kusugua, soma sehemu ya mwisho.

Angalia pia kama ni rangi ya MWENZIO imebaki kwako. Mstari mweupe kwenye gari nyeusi mara nyingi ni rangi ya nguzo au ya gari uliyogusana nayo. Kwa madereva wa hesabu hii ni muhimu, maana bosi anaona mstari anadhani bodi imeisha. Lowesha kitambaa laini na mafuta ya taa kidogo, futa taratibu, osha na sabuni. Kikitoka, umeokoa hela na kazi.

VIFAA

- Shampuu ya gari na ndoo mbili
- Vitambaa laini vya maikrofaiba, visipungue vinne
- Kampaundi (dawa ya kusugulia, nzito kama dawa ya meno) na polishi laini
- Nta ya gari
- Spiriti

HATUA

1. Osha gari vizuri. Ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Mchanga ukibaki utaongeza mikwaruzo mingine mia. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwa nguo.

2. Fanya kivulini, asubuhi au jioni, bodi ikiwa imepoa. Kwenye jua dawa inakauka kabla haijafanya kazi.

3. Jaribu pembeni kwanza. Weka polishi kwenye kitambaa cheupe, sugua sehemu iliyojificha. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, gari yako HAINA klia pale. Wala usishtuke, magari mengi meupe ya zamani kutoka Japani yametoka kiwandani hivyo. Inang'arishwa tu, ila kwa mkono mwepesi.

4. Anza na dawa DHAIFU. Polishi kwanza, ikishindwa ndiyo kampaundi. Tone dogo, sugua eneo la kiganja kimoja, mara 20 hadi 30, mkono wa wastani. Futa, angalia, rudia. Ukiona mara tatu hakuna mabadiliko, simama.

5. Ukitumia kampaundi, malizia na polishi, la sivyo pale patabaki na ukungu.

6. Futa na spiriti uliyochanganya na maji nusu kwa nusu. Dawa nyingi zina mafuta yanayoficha mkwaruzo kwa muda. Spiriti inakuonyesha ukweli.

7. Paka nta. Haiondoi mkwaruzo, inalinda klia iliyobaki.

MSASA JE?

Mafundi hutumia msasa wa maji namba 2000 halafu 3000 kabla ya kampaundi. Kazi inatoka safi, lakini ndipo wengi wanapotoboa klia. Kama hujawahi, kajifunzie kwenye mlango mbovu uliotupwa gereji. Kwenye kona na mikunjo ya bodi usipitishe kabisa, rangi ya pale ni nyembamba. Gari yenye rangi isiyong'aa nayo usiisugue kwa chochote, utaacha doa linalong'aa milele.

MANENO YA MTAANI

Dawa ya meno: inafanya kazi kidogo kwa mkwaruzo mwepesi sana, kwa sababu ina chembechembe za kusugua. Hamna muujiza mwingine.

Mafuta ya kupikia na dawa ya viatu: vinaficha tu. Ukiosha, mkwaruzo huo hapo. Ukienda kununua gari mkononi mwa mtu na unaiona inang'aa kwa mafuta, omba kitambaa na spiriti ufute kidogo. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

Tina: hatari. Rangi ya kiwandani inaweza kuvumilia mguso, ila kama gari ilishapigwa NC mtaani, itayeyuka mbele ya macho yako.

UKIFIKA KWENYE BATI

Hapa usichelewe, hasa wewe wa Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar. Hewa ya chumvi inaharakisha kutu, na kutu inatambaa CHINI ya rangi usipoiona. Toa kutu yote kwa kipande kidogo cha msasa, futa na spiriti, weka praima, ikauke. Kisha rangi ya kugusia kwa kijiti cha meno, tabaka jembamba jembamba, mwisho klia. Ipe angalau wiki kabla ya kuipiga polishi. Nta usiipake kabla ya kazi hii, rangi haitashika.

Rangi usikisie kwa macho. Toyota nyingi zina kibati ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, tafuta palipoandikwa C/TR. Namba ya kwanza ndiyo rangi, kwa mfano 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Ipeleke duka la rangi wakuchanganyie. Bampa la plastiki halina kutu, hilo halina haraka.

Kwa kifupi: ukucha usiponasa, fanya mwenyewe. Ukinasa, fifisha na uridhike. Ukiona bati, ziba leo, halafu ndiyo utafute hela ya fundi.

Mafundi rangi mliomo humu, ongezeeni nyama. Naomba kuwasilisha.