Dakika 90 za Tokyo: Sakuraba alivyowashinda akina Gracie kwa masharti yao wenyewe

Mei 1, 2025 ilitimia miaka 25 tangu Kazushi Sakuraba wa Japani na Royce Gracie wa Brazili wapigane kwa dakika 90 ndani ya uwanja wa Tokyo Dome. Leo pambano la ubingwa la UFC, shindano la mapigano mchanganyiko ya ngumi, mateke na mieleka, lina raundi tano za dakika tano, yaani dakika 25 kwa jumla. Wawili hao walikwenda zaidi ya mara tatu ya muda huo, na mmoja wao alirudi ulingoni usiku uleule kupigana na mtu mwingine.

Kumbukumbu hii inapaswa kuturudisha kwenye swali ambalo mashabiki wa sasa wameliacha: Sakuraba alikuwa na ufundi gani hasa? Orodha za magwiji hupangwa kwa mikanda, na yeye hakuwahi kuvaa mkanda wa Pride, shindano la Japani la mchezo huohuo, lililompa jina. Rekodi yake ni ushindi 26, kushindwa 17, sare moja na mapambano mawili yaliyofutwa. Kijana anayesoma tarakimu hizo bila kutazama mapambano atadhani ni mpiganaji wa kawaida. Atakuwa amedanganywa na hesabu.

Makala haya yameegemea vitu viwili: video za mapambano yenyewe, na mtazamo wa Billy Robinson, Mwingereza aliyemfundisha Sakuraba. Robinson, aliyefariki mwaka 2014, alilelewa kimchezo katika klabu ya Billy Riley mjini Wigan, mji wa wachimba makaa ya mawe uliokuza mieleka ya kechi. Katika mieleka hiyo ushindi haupatikani kwa kumlaza mwenzako chali tu. Unaweza pia kumshinda kwa kumkunja mkono, mguu au shingo mpaka asalimu amri. Robinson aliiona kuwa sataranji ya mwili, na kitabu chake cha mwaka 2012 kinaitwa hivyo hivyo, Physical Chess. Ukimtazama Sakuraba ukiwa na neno hilo kichwani, kila alichofanya ulingoni kinaeleweka.

Sakuraba alizaliwa Julai 14, 1969 katika mkoa wa Akita, kaskazini mwa Japani. Utotoni alimhusudu Tiger Mask, nyota wa mieleka ya maonyesho. Alicheza mieleka ya ridhaa chuo kikuu jijini Tokyo, kisha mwaka 1992 akajiunga na kampuni ya UWF International iliyoongozwa na Nobuhiko Takada. Wasomaji wetu wanaifahamu mieleka ya namna hiyo kwenye televisheni, ile ambayo mshindi hupangwa kabla ya watu kuingia ulingoni. Lakini mazoezi ya UWF hayakuwa maigizo. Huko kwenye mikeka, mbali na macho ya watazamaji, Robinson aliwafundisha vijana mbinu za Wigan, na Sakuraba akazinywa zote.

Nje ya ukumbi wa mazoezi, hata hivyo, wanamieleka wa Japani walikuwa wakidhalilika. Novemba 12, 1993, mjini Denver, Royce Gracie alishinda shindano la kwanza kabisa la UFC kwa jujitsu ya familia yake, na dunia ikaanza kuamini kwamba akina Gracie hawashindiki. Desemba 1994 Yoji Anjo, mmoja wa vinara wa UWF, alikwenda Los Angeles kumtafuta Rickson Gracie kwenye ukumbi wake wa mazoezi. Alitoka humo akiwa na uso uliojaa damu. Oktoba 11, 1997 Takada mwenyewe alipanda ulingoni na Rickson katika Pride ya kwanza, akanyooshwa mkono mpaka akasalimu amri kabla dakika tano hazijaisha. Mwaka mmoja baadaye akarudia, akashindwa tena kwa njia ileile.

Mabadiliko yalianza Desemba 21, 1997 mjini Yokohama, UFC ilipofika Japani. Sakuraba aliingia katika shindano la uzito wa juu ingawa uzito wake haukuwa wa huko. Mpinzani wake, Marcus Silveira, alikuwa jitu la jujitsu kutoka Brazili. Mwamuzi alisimamisha pambano akidhani Sakuraba amezimia, kumbe alikuwa ameinama kumwingia mpinzani miguuni. Uamuzi ukafutwa, wakarudiana usiku huohuo, na Sakuraba akamshinda kwa kumnyoosha mkono. Akawatangazia watazamaji kwamba wanamieleka, kwa kweli, wana nguvu. Baada ya hapo alihamia Pride, akawapita Vernon White na Carlos Newton mwaka 1998, na Vitor Belfort mwaka 1999.

Sasa tuutazame ufundi wenyewe. Sakuraba hakuwa na misuli ya kutisha. Silaha yake ya kwanza ilikuwa kuingia chini sana na kuukamata mguu mmoja karibu na kifundo, mahali ambapo mpinzani hawezi kujibana vizuri. Ya pili ilikuwa teke la paja. Mpinzani aliyekuwa akingoja kushikwa mguu alisimama kwa uzito wote akijilinda asiangushwe, na mguu uliobeba uzito hauwezi kukwepa teke. Alipouinua kukwepa teke, aliangushwa. Kila silaha iliifungulia mwenzake njia.

Silaha ya tatu ndiyo iliyomtofautisha na wote. Mpiganaji akikumbatiwa kiunoni kwa nyuma, jambo la kwanza ni kubandua mikono ya adui ili atoke. Sakuraba hakuharakisha kutoka. Aliushika mkono mmoja wa adui kwenye kifundo cha mkono, akapitisha mkono wake mwingine juu ya ule wa adui, kisha akajishika mwenyewe na kufunga pingu. Kutoka hapo aligeuka na kuuzungusha mkono wa adui kuelekea mgongoni, kama mtu anayekamua shuka lililolowa. Aliyedhani ameshika ndiye aliyeshikwa. Watu wa jujitsu huiita mbinu hii kimura, kwa heshima ya Masahiko Kimura, mwanajudo wa Kijapani aliyeitumia kumshinda Helio Gracie, baba yake Royce, mjini Rio de Janeiro mwaka 1951. Wanamieleka wa Wigan walikuwa nayo kwa njia yao.

Novemba 21, 1999 mbinu hiyo ilimkuta Royler Gracie, kaka yake Royce. Royler alikuwa mwepesi kuliko Sakuraba kwa kilo nyingi. Raundi ya pili ikielekea mwisho, mkono wake ulikuwa umekwisha kuzungushwa, lakini hakugonga mkeka kukubali kushindwa. Mwamuzi akakatisha pambano. Familia ikawaka: ndugu yao hakusalimu amri, kwa nini aandikwe ameshindwa? Hoja yao haikuwa ya bure, maana katika desturi yao ni mpiganaji na kona yake tu wanaoamua kukoma.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaa Mei 1, 2000. Pride ilikuwa imeandaa shindano kubwa la mtoano, na ratiba ikawakutanisha Royce na Sakuraba katika robo fainali. Akina Gracie wakaweka masharti: raundi za dakika 15 zisizo na idadi, kusiwe na majaji wa kutoa pointi, na mwamuzi asiruhusiwe kukatisha pambano. Aliyetaka kuendelea aendelee mpaka asalimu amri, aangushwe hoi, au kona yake irushe taulo. Waandaaji wakakubali, na Sakuraba akakubali. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Sakuraba aliingia uwanjani na wenzake wawili, wote watatu wakiwa wamevaa vinyago vinavyofanana vya Strong Machine, mwanamieleka maarufu wa Kijapani, hata haikujulikana nani ndiye mpiganaji. Umati ulicheka. Upande wa pili, mzee Helio alikuwapo kushuhudia heshima ya ukoo ikirudishwa.

Royce alivaa jaketi la jujitsu, vazi ambalo kwa miaka mingi lilikuwa silaha ya familia kwa kumkaba mtu kwa kola. Sakuraba alipigana kifua wazi, hivyo yeye hakuwa na cha kushikwa huku akishika kila kitu cha mwenzake. Alilivuta jaketi, akalitumia kumfunga Royce mikono, na kuna wakati alijaribu hata kumvua suruali mbele ya maelfu ya watu. Royce alipomkumbatia kwa nyuma, Sakuraba aliushika mkono wake, akawatazama watazamaji na kutabasamu. Wengi hukumbuka tabasamu hilo na kuliita utani. Mimi naliona kuwa ufundi. Mtu anayebanwa huku akicheka anamnyima mbanaji faraja ya kuamini kwamba kazi yake inazaa matunda, na katika pambano lisilo na mwisho faraja hiyo ni pumzi.

Kadiri raundi zilivyopita, mateke ya paja yalifanya kazi yake. Royce alianza kulala chini akimwita mwenzake aje, na Sakuraba akabaki wima akiipiga miguu iliyokuwa mbele yake. Raundi ya sita ilipoisha, Royce hakuweza tena kusimama sawasawa. Kaka yake Rorion akarusha taulo. Sheria waliyoidai ndiyo iliyoandika matokeo: mwamuzi hakuingilia, majaji hawakuwapo, familia yenyewe ndiyo iliyosema basi.

Kisha Sakuraba akarudi ulingoni kwa nusu fainali dhidi ya Igor Vovchanchyn wa Ukraine, mtu mzito kuliko yeye kwa kilo nyingi na mwenye ngumi za kuogopwa. Walipigana dakika 15, ikawa sare, na kona ya Sakuraba ikakataa raundi ya ziada. Mark Coleman wa Marekani ndiye aliyechukua ubingwa usiku ule.

Agosti 27 mwaka huohuo ilikuwa zamu ya Renzo Gracie. Zikiwa zimebaki sekunde chache, alimkumbatia Sakuraba kwa nyuma. Mkono ukashikwa, mwili ukageuka, kiwiko cha Renzo kikatoka mahali pake, naye hakugonga. Kwa uungwana mkubwa alichukua kipaza sauti na kusema kisingizio chake ni kimoja tu: mwenzake alikuwa bora kuliko yeye. Desemba Ryan Gracie naye alishindwa kwa pointi. Ndugu wanne kwa takriban miezi 13.

Yaliyofuata ni ya kuumiza kusimulia. Kuanzia Machi 2001 alishindwa mara tatu na Wanderlei Silva, naye Mirko Cro Cop akamwumiza jicho mwaka 2002. Wote hao walimzidi uzito. Sakuraba alikuwa anauza tiketi, na waandaaji waliendelea kumpanga na watu wakubwa kuliko yeye hata mwili ulipokuwa unaomba likizo. Hapo ndipo nawalaumu. Michezo ya kulipwa ina deni kwa mkongwe wake, na deni hilo ni kumlinda wakati ujasiri wake mwenyewe haumlindi. Sehemu kubwa ya kushindwa huko 17 ni ya miaka hiyo, na ndiko kunakotumiwa leo kumshusha thamani.

Pride ilinunuliwa na wamiliki wa UFC mwaka 2007. Mwaka huo Royce alimshinda Sakuraba kwa pointi Los Angeles, kisha akakutwa na dawa zilizokatazwa. Pambano la mwisho la Sakuraba lilikuwa Desemba 2015. Mwaka 2017 UFC ilimwingiza katika Jumba la Magwiji, na mwaka 2018 akaanzisha Quintet, shindano la mieleka la timu za watu watano.

Heshima hizo ni nzuri, lakini hazitoshi iwapo ufundi wenyewe hautafundishwa. Kila ukumbi wa judo, jujitsu au mieleka wenye kijana mwepesi anayeambiwa kwamba hana mwili wa kupigana unapaswa kumwonyesha raundi hizo sita, kwa utulivu, teke kwa teke na mshiko kwa mshiko. Mkanda humwambia kijana nani alishinda mwaka fulani. Sakuraba atamfundisha jinsi ya kufikiri akiwa ameshikwa, na somo hilo kijana atalihitaji kabla ya mkanda wowote.