Wenzo wa Injini na Mkono wa Rubani

Ndege itokayo Dar es Salaam kwenda Dodoma hupita kaskazini ya Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake huzidi meta 2,600. Tangu 2016 Shirika la Ndege la Tanzania limekuwa na ndege za Dash 8 Q400, ambazo hazina chombo cha kurekebisha nguvu za injini chenyewe. Kazi hiyo ni ya mkono wa rubani. Mnamo Desemba 2018 ikawasili Airbus A220, ambayo mashine yake yaweza kuifanya. Hapo lazuka swali lililowagawanya mafundi wa ng'ambo: mashine ibadilipo nguvu za injini, wenzo aushikao rubani nao usogee, au utulie?

Boeing walishika kauli ya kwanza. Nguvu zipunguapo, wenzo hurudi nyuma, na kiganja hupata habari pamoja na jicho. Airbus walishika ya pili katika A320, iliyoanza kazi 1988. Baada ya kuruka, rubani huutia wenzo katika kituo chake, nao hukaa papo hapo. Kompyuta huongeza na kupunguza, na wenzo huonyesha mpaka wa juu tu. Nguvu zenyewe husomwa katika kioo. Kwa dereva wa lori wa Barabara ya Morogoro, ya kwanza ni kama pedali ya mafuta ishukayo na kupanda yenyewe chini ya unyayo. Ya pili ni pedali iliyotulia, mshale tu ukicheza.

Kila upande umepata msiba wake. Tarehe 14 Februari 1990, A320 ilianguka Bangalore, injini zikiwa zimeachwa katika nguvu ndogo kabisa. Watu 92 walikufa. Tarehe 25 Februari 2009, Boeing 737 ilianguka karibu na Amsterdam: kipimo kibovu cha kimo kiliidanganya mashine, nyenzo zikarudi nyuma mbele ya marubani, wala hawakutambua mpaka wakati umepita, watu 9 walikufa. Kisha tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX iliyokuwa ikienda Nairobi ilianguka Ethiopia, wakafa watu 157. Kiini cha msiba huo kilikuwa mtambo mwingine, ulioisukuma pua ya ndege chini. Lakini nyenzo nazo zilibaki penye nguvu za kurukia, na mwendo ukapita kiasi. Basi wenzo usogeao waweza kutotazamwa, na ule uliotulia waweza kuaminiwa mno.

Wala jina si dalili ya kutosha. A220 ilibuniwa na Bombardier wa Kanada, ikapewa jina la Airbus mnamo 2018. Nyenzo zake husogea, kama za Boeing.

Neno rubani, lenye asili ya Kiarabu, lilimhusu kwanza aongozaye chombo baharini. Leo husemwa kwamba ndege "inajiendesha", na usemi huo wapotosha, kwa kuwa wamwondoa msomaji wa ishara. Wenzo usogeao husema na mkono. Uliotulia humwachia jicho kazi yote. Wenye kuunda istilahi hawana budi kuyatenga mambo hayo mawili kwa majina mawili, kwani mwanafunzi afundishwaye kwa jina moja atatazamia ishara ambayo ndege yake haitoi.