Mwezi Mmoja Tu, Kaka

Mwaka jana, Jumamosi moja asubuhi, nilimpeleka mwanangu kwenye kituo cha kukuzia vipaji hapa Dar. Ana miaka saba. Kocha alimtazama akipiga danadana na kukimbiakimbia, kisha akaniita pembeni.

"Kaka, dogo ana mguu. Ligi ya chini ya miaka minane inaanza karibuni. Tatizo lake kazaliwa Desemba, atakutana na waliomzidi karibu mwaka mzima. Tukimwandika Januari inayofuata, anakuwa mkubwa kwenye kundi la chini. Mwezi mmoja tu, kaka."

Alisema bila kunong'ona, kama mtu anayekushauri daladala ya kupanda. Ningependa kuwaambia nilikasirika pale pale. Ukweli ni kwamba nilianza kupiga hesabu. Nilirudi nyumbani na fomu, nikaitia kwenye droo, nikaanza kusoma. Mimi jambo likinishinda hukimbilia historia, na safari hii nilikuwa na swali moja: nani aliamua kwamba watoto wacheze mpira wa ligi, na tangu lini?

Jibu la kwanza ni kwamba mpira wenyewe ulikua mikononi mwa shule. Chama cha soka cha Uingereza kilipoundwa London mwaka 1863, wengi wa waliobishania kanuni zake walikuwa wameujua mchezo huo katika shule za wenye nacho, ambako walimu waliamini kwamba uwanja humtengeneza mvulana akawa mwanamume. Mwaka 1904 shule za kawaida za huko nazo zikawa na chama chao cha soka. Imani hiyo ilisafiri kwa meli mpaka kwetu. Huko Unguja, wamisionari wa UMCA walikuwa na shule Kiungani, na miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwamo wavulana waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics, anaeleza jinsi kandanda ilivyoingia mjini Unguja kisha wenyeji wakaifanya yao. Tangu mwanzo, mtu mzima alimpa mtoto mpira akiwa na lengo lake mwenyewe, na furaha ya mtoto ilikuja baadaye, kama nyongeza.

Jibu la pili linatuhusu sana Waafrika. Mwaka 1985 FIFA ilianzisha kombe la dunia la vijana chini ya miaka 16, China ikiwa mwenyeji, na Nigeria ikalibeba. Baadaye umri ukasogezwa kuwa 17. Lilikuwa jambo la fahari, lakini lilizaa biashara ambayo Kiswahili chetu kina jina lake: vijeba. Kijeba ni yule kijana mwenye ndevu anayecheza na watoto huku cheti kikisema ana kumi na sita. Ilifika mahali FIFA ikaanza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI, na katika mashindano ya mwaka 2009 nchini Nigeria kipimo hicho kikatumika rasmi. Sisi Watanzania tusicheke. Mwaka 2005 vijana wetu walifuzu fainali za Afrika za chini ya miaka 17 nchini Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Miaka kumi na miwili baadaye mkuki ukageuka: Kongo Brazzaville ikaenguliwa katika mzozo wa umri, na Serengeti Boys wakaenda Gabon mwaka 2017 kuchukua nafasi yake.

Niliposoma hayo nikaikumbuka fomu kwenye droo. Kila kijeba alianza na mtu mzima aliyesema "mwezi mmoja tu" au "mwaka mmoja tu". Kombe likiwekwa mbele ya mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa inakuwa bidhaa.

Lakini kocha wangu hakuwa mjinga, na hapa nimtetee. Kuhusu Desemba alisema kweli. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Canada, Roger Barnsley, alitazama tarehe za kuzaliwa za wachezaji wa mpira wa magongo wa barafuni, akakuta waliozaliwa Januari, Februari na Machi wamejaa kupita kiasi. Huko umri ulihesabiwa kuanzia Januari mosi. Utotoni miezi kumi na moja ni kitu kikubwa. Wa Januari ana kifua na miguu mirefu, kocha anamwona ana kipaji, anampanga, anamfundisha zaidi, na kweli anakuwa bora. Wa Desemba anakaa benchi mpaka anachoka na kuacha. Wengine walipotazama soka wakakuta mambo ni yale yale. Kwa hiyo ukiwachuja watoto mapema, kwa sehemu kubwa unachuja miezi ya kuzaliwa huku ukidhani unachuja vipaji.

Sasa tufike mwaka 1987, maana mwaka huo swali langu lilijibiwa mara mbili, katika nchi mbili zisizofanana hata kidogo.

Norway, shirikisho la michezo lilipitisha kanuni za michezo ya watoto. Miaka 20 baadaye, mwaka 2007, likaongeza tamko la haki za watoto michezoni. Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Mtoto anaruhusiwa kushindana ndani ya klabu yake kuanzia mwaka anaotimiza miaka 6, na katika eneo lake kuanzia 9. Misimamo ya ligi na orodha za washindi hairuhusiwi mpaka mwaka anaotimiza 11. Ubingwa wa taifa ni kuanzia 13. Zawadi zikitolewa kwa watoto wadogo, zinatolewa kwa wote. Tusidhani kwamba nchi ikifanya hivyo inazaa wachezaji legelege. Martin Ødegaard alicheza ligi kuu ya huko akiwa na miaka 15. Erling Haaland alikulia Bryne, mji mdogo, chini ya kanuni hizo hizo. Sisemi kanuni ndizo zilizowatengeneza, ila ni wazi hazikuwazuia.

Mwaka huo huo wa 1987, Mathare, Nairobi, Mkanada Bob Munro alikuta watoto wakicheza mpira wa makaratasi ya plastiki katikati ya taka, akaanzisha nao chama cha vijana, MYSA. Huko hakuna aliyefuta msimamo wa ligi. Walichofanya ni kubadilisha kinachohesabiwa. Timu ikishinda inapata pointi tatu kama kawaida, lakini ikisafisha mtaa na mitaro yake inapata sita. Unaweza kuwa na mfungaji hatari na bado ukakosa ubingwa kwa sababu hamkushika reki. Kumbe msimamo wa ligi ni karatasi tu, na watu wazima ndio wanaoamua iandikwe nini. Timu za Mathare zilifika hata Oslo kwenye mashindano ya Norway Cup, zikarudi na makombe. Mwaka 2008 Mathare United, klabu iliyotokana na chama hicho, ikawa bingwa wa Kenya.

Mtu ataniambia watoto wanapenda kushindana. Ni kweli kabisa. Mimi nimecheza chandimu, na hakuna mchezo wenye ushindani kama ule. Goli la ndala mbili, manahodha wawili wanachagua mmoja mmoja, timu ikizidi nguvu mnabadilishana mtu ili mechi inoge, ugomvi mkimaliza mnaanza upya. Mwenye mpira anapangwa hata kama hajui. Tulihesabu magoli mpaka giza, na kesho yake hakuna aliyeyakumbuka, kwa sababu hakukuwa na baba anayepiga kelele kando wala karatasi iliyobandikwa ukutani.

Nilirudi kituoni wiki tatu baadaye. Nilimpa kocha fomu yenye Desemba ile ile, nikamwambia mtoto atakuja mazoezini ila ligi tutaongea akifika kumi na moja. Alicheka, akasema, "Utamchelewesha, kaka." Huenda ni kweli. Wapo watoto waliokuja nyuma yake ambao sasa wana jezi zenye majina mgongoni, na kuna siku mwanangu huzitazama kwa namna inayoniuma.

Juzi alirudi jioni kutoka uwanja wa shule, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kabla sijajizuia nikamuuliza, "Mmeshinda?"

Alifikiri kidogo. "Sijui baba. Katikati walinihamisha timu."