SOMO LA HISTORIA: MZIZI MTAMU ULIOVIMBISHA WATU

Leo hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma habari za mzizi mmoja. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: likorisi, figo, chumvi, shinikizo la damu. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti, kisha tuendelee.

Likorisi ni mmea wa ukoo mmoja na kunde na maharage. Huota kusini ya Ulaya na katika Asia ya magharibi na ya kati. Mzizi wake una kitu kiitwacho glisirizini, na kitu hicho ni kitamu kuliko sukari mara 30 mpaka 50. Waarabu huuita mzizi huo sus, na huko Misri watu hunywa maji yake, hasa katika mwezi wa Ramadhani.

Dawa hii ni ya kale. Yapata miaka 300 kabla ya Kristo, Myunani mmoja aliyeitwa Theophrastus, mtaalamu wa mimea, aliandika kwamba mzizi huo wafaa kwa pumu na kikohozi kikavu. Aliandika pia kwamba Waskithi, wafugaji wa farasi, walikula mzizi huo pamoja na jibini ya maziwa ya farasi, wakakaa siku 11 au 12 bila kunywa maji. Bila shaka siku hizo zilitiwa chumvi. Lakini likumbukeni neno hilo la maji, maana tutalirudia.

Sasa twendeni Uholanzi, mji wa Heerenveen. Huko alikuwako daktari aliyeitwa Revers. Aliona kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo walipata nafuu kwa dawa nyeusi nzito iliyotengenezwa na mwuza dawa wa hapo. Dawa hiyo ilikuwa na likorisi nyingi. Revers akaijaribu kwa wagonjwa wake, na wengi wakapata nafuu. Lakini kama mgonjwa 1 katika kila 5 alivimba uso na miguu. Wengine waliumwa na kichwa, na wengine walishindwa kupumua vizuri. Walipoacha dawa, uvimbe ulikwisha.

Mwaka 1946 Revers alitangaza habari hizo kwa madaktari wenzake. Hakutaja nafuu peke yake. Alitaja na uvimbe. Hilo ndilo jambo kubwa katika somo letu. Kama angeificha habari ya uvimbe, dawa ingesifiwa na wagonjwa wangeumia.

Mwaka 1950 madaktari wa Amsterdam walieleza kwamba likorisi hufanya mwili uzuie chumvi na maji, na kupoteza madini ya potasiamu. Basi, lile neno la maji limerudi.

Lakini kwa nini? Jibu kamili lilipatikana mwaka 1987, kwa kazi ya madaktari wa Edinburgh, Uskoti. Tufanye mfano. Katika figo kuna mlango. Mlango ukifunguliwa, chumvi hurudishwa mwilini, na maji huifuata. Mwenye ruhusa ya kuufungua ni homoni iitwayo aldosteroni. Homoni nyingine, kortisoli, nayo yaweza kuufungua, tena ni nyingi zaidi katika damu. Kwa hiyo mwili umeweka bawabu wa kuizuia. Glisirizini humlaza bawabu huyo usingizi. Kortisoli huingia, mlango hukaa wazi, chumvi na maji hujaa, na shinikizo la damu hupanda. Potasiamu ikipungua mno, mishipa ya nyama hulegea na moyo huweza kupiga ovyo.

Madaktari walitaka kuipata faida bila hasara. Katika miaka ya 1960, huko Uingereza, ilitumika dawa ya vidonda vya tumbo iliyotokana na likorisi, jina lake kabenoksoloni. Iliponya, lakini nayo iliwavimbisha baadhi ya watu. Baadaye zilikuja dawa nyingine zilizokuwa salama zaidi. Kisha Robin Warren na Barry Marshall, wa Perth, Australia, walionyesha kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Je, likorisi ni mbaya? La. Kidogo katika chai ya kikohozi hakimdhuru mtu mwenye afya. Lakini wakuu wa afya wa Marekani huonya kwamba mtu aliyepita miaka 40 akila gramu 57 za peremende nyeusi za likorisi kila siku kwa wiki 2, moyo wake waweza kuharibika mapigo. Mwenye shinikizo la damu, mgonjwa wa figo na mama mja mzito wajihadhari zaidi.

Watu husema, "Hii ni mizizi tu, haina neno." Nanyi sasa mwajua kwamba kinachoweza kuponya chaweza pia kudhuru. Ukienda kwa daktari, mwambie dawa zote unazotumia, na za mizizi pia.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Revers aliona mambo gani mawili?
2. Bawabu wa figo akilala, shinikizo la damu hupandaje?
3. Kwa nini yafaa daktari ajue dawa za mizizi unazotumia?